Historia ya Adam, na Rafiki Yetu wa Benchi la Mbele



Katika kitabu hiki cha Yubilei mmekwisha kusoma majina ya mapadri waliotuongoza, ya masista, ya wakatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu toka sentrali mpaka sentrali, na ya mafundi waliochoma matofali ya kanisa. Ni haki waandikwe. Lakini sisi tulipopewa ukurasa huu, tulimfikiri mtu mmoja ambaye hakuchoma hata tofali moja. Wengi wenu mnamkumbuka: alikaa katika benchi la mbele, upande wa wanaume, akaitika «Amina» kabla padri hajafika mahali pa Amina. Mwili wake ulikuwa wa mtu mzima, akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Mama yake alipokufa, hakuwa tena na nyumba; alilala mara kwa katekista, mara kwa mlinzi wa misioni, akala na wote. Jina lake hatuliandiki, kwa heshima ya jamaa zake.

Tulipoanza kufundisha katekismu tulikuwa vijana, tumetoka seminari ndogo, tukijisifu kwamba tunajua majibu yote kwa kichwa. Tulimwuliza mbele ya wenzake: sakramenti ni ngapi? Akacheka. Tukalifuta jina lake katika orodha ya Komunio ya kwanza. Mwaka uliofuata vile vile. Siku ya sikukuu alikuja amevaa shati jeupe la kuazima, akasimama katika mstari pamoja na watoto, nasi tukamshika mkono tukamrudisha katika benchi lake. Hakukasirika. Miaka michache baadaye alikufa kwa homa, tukamzika.

Ilikuwa baada ya kifo chake kwamba padri mmoja, aliyekuja kutuhubiria mafungo, alituelezea historia ya Adam Arnett, mtu wa Canada. Tangu siku ile tumeitafuta historia hiyo, nasi tunaileta hapa.

Mwanzo wake ni Ufaransa, katika kijiji kinachoitwa Trosly-Breuil. Mwezi wa nane wa mwaka 1964, Jean Vanier, mlei wa Canada aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la baharini, alinunua nyumba ndogo, akawatoa wanaume wawili katika nyumba kubwa ya kufungia watu wenye ulemavu wa akili, akakaa nao. Walikuwa Raphaël Simi na Philippe Seux. Wote wawili waliugua ugonjwa wa ubongo wakiwa watoto. Raphaël alijua maneno machache tu. Philippe hakuchoka kusema. Walipika pamoja, wakala pamoja, wakafua pamoja. Nyumba ile waliiita L'Arche, ndiyo Safina, kwa kukumbuka chombo cha Noa. Katika mwaka 1969 nyumba ya namna hiyo ilifunguliwa katika mji wa Richmond Hill, karibu na Toronto, ikaitwa Daybreak.

Adam alizaliwa mwaka 1961. Tangu utoto alishikwa na kifafa kikali. Hakusema neno hata moja katika maisha yake, wala hakuweza kuvaa nguo peke yake, wala kutembea bila kushikwa. Wazazi wake walimlea kwa upendo mwingi, lakini alipokuwa mkubwa nguvu zao hazikutosha tena. Alikaa miaka kadhaa katika hospitali, kisha mwaka 1985 akapokelewa Daybreak.

Mwaka uliofuata alifika pale padri mmoja Mholanzi, Henri Nouwen. Huyu alikuwa mtu mwenye sifa kubwa: alifundisha katika vyuo vikuu vya Yale na Harvard, vitabu vyake vilisomwa katika nchi nyingi. Lakini moyo wake haukutulia. Aliacha kufundisha Harvard, akakaa karibu mwaka mmoja Trosly, kisha akaja Daybreak kuwa padri wa jumuiya. Wakampa kazi gani ya kwanza? Kumhudumia Adam kila asubuhi.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Kumwamsha, kumvua nguo za usiku, kumshika kwa nyuma asianguke, kumpeleka kuoga, kumnyoa ndevu, kumsugua meno, kumchana nywele, kumvika, kumkalisha mezani. Adam aliweza kuinua kijiko mwenyewe, naye alikula polepole sana. Kazi yote ilichukua karibu masaa mawili. Profesa yule hakuwa na mikono ya kazi, aliogopa. Siku moja alikuwa na haraka, akaisukuma mikono ya Adam kwa nguvu katika shati. Mara kifafa kikamshika Adam. Padri akaona kama ameambiwa: pole pole, mimi si mzigo wa kumaliza upesi. Ikawa hivyo mara nyingine pia, na kila mara alijifunza tena.

Rafiki zake wakubwa walipomtembelea walishangaa, wakamwuliza kama hakuna mtu mwingine wa kufanya kazi ile, ili yeye aandike vitabu. Walifikiri Adam ndiye anayesaidiwa. Lakini Nouwen aliandika kwamba yeye ndiye aliyesaidiwa. Mbele ya Adam vitabu havikuwa na maana, wala sifa, wala Harvard. Saa ile Adam alipokula, padri alikaa karibu naye kimya, akasali, akapata amani ambayo hakuipata katika masomo. Si kwamba taabu zake ziliisha. Mwisho wa mwaka 1987 alivunjika moyo kabisa, akalazimika kuondoka miezi kadhaa kutafuta msaada. Kisha akarudi.

Adam alikufa mwezi wa pili wa mwaka 1996, akiwa na miaka 34. Nouwen alikuwa mbali katika likizo ya mwaka mzima. Akarudi kumzika rafiki yake, akaanza kuandika kitabu juu ya maisha yake. Kabla hakijachapwa, mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, yeye mwenyewe akafa kwa ugonjwa wa moyo katika mji wa Hilversum, kwao Uholanzi. Kitabu kilitoka mwaka 1997. Basi mtu asiyesema kitu amepata historia iliyoandikwa, na mwalimu wa vyuo vikuu ndiye aliyekuwa karani wake.

Kuna neno la uchungu, na wengine walituomba tuliache lisiharibu sikukuu. Hatukukubali. Jean Vanier alikufa mwaka 2019, akisifiwa na wengi kama mtakatifu. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi: alikuwa amewatumia vibaya wanawake waliomtafuta kwa mashauri ya roho. Uchunguzi wa pili, mwaka 2023, ulihesabu wanawake 25. Hawakuwa watu wenye ulemavu, lakini walikuwa watu waliomwamini. Sisi tuliokuwa tukilitaja jina lake katika mafundisho tuliona haya. Hata hivyo nyumba za L'Arche hazikufungwa, kwa sababu hazikusimama juu ya mtu mmoja. Zimepita 150 katika dunia; hapa Afrika ile ya Bouaké, Côte d'Ivoire, ilianza mwaka 1974, na kwa jirani zetu wa Uganda iko moja Kampala. Na Adam hakumdanganya mtu yeyote.

Tuliposikia historia hiyo tulirudi kusoma sheria za Kanisa, zile za mwaka 1983. Kanuni ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapewa mafundisho kadiri hali yao inavyoruhusu. Kadiri ya hali yao, si kadiri ya maswali yetu. Ilikuwa imeandikwa pale tangu kabla hatujashika chaki, nasi hatukuifungua.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitayarisha hesabu za Yubilei, tulifungua kitabu cha ubatizo. Jina la rafiki yetu liko, na tarehe, na jina la msimamizi wake. Mahali pa kuandika Komunio ya kwanza ni peupe, napo patabaki peupe.

Katika darasa letu la mwaka huu tumewaandika watoto wawili wa namna yake. Mmoja hasemi. Kila Jumamosi mama yake anamleta, anakaa mbele, nasi tunamfundisha kunyosha mikono.