Kimbunga cha Tanga Mbili

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: kuna tofauti gani baina ya dhoruba, tufani na kimbunga? Sisi tunaosomesha Kiswahili katika nchi za bara, mbali na bahari, tumezoea kuyajibu maswali ya namna hii kwa kufungua kamusi na kuifunga. Safari hii kamusi haikutosha. Dhoruba ni neno pana, nalo asili yake ni Kiarabu, lugha ambayo ndani yake lina maana ya pigo. Tufani pia ni la Kiarabu, na wengi hulijua kwa habari za gharika ya Nuhu. Kimbunga ni upepo uzungukao. Lakini ili mwanafunzi aone uzito wa neno hili la mwisho ilitubidi tumsimulie yaliyotokea Unguja tarehe 15 Aprili 1872.

Wakati huo Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili kitini. Watu wa Unguja walijua kuwa vimbunga hupiga Bukini na Morisi, wala hawakudhani kwamba vingefika kwao. Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na nguvu hiyo hupungua kadiri mtu akaribiavyo ikweta. Unguja iko kwenye digrii 6 tu kusini ya mstari huo. Basi vimbunga huko ni nadra. Ila nadra si sawa na kamwe.

Hapakuwa na onyo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 tu, miaka saba baadaye. Upepo ulivunja majahazi bandarini, ukaiangamiza merikebu ya kivita ya Sultani pamoja na vyombo vyake vingine, ukaezua mapaa, ukang'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ilikwenda siku moja. Na mkarafuu si muhogo: ukiupanda leo, utangoja miaka sita au zaidi ndipo uchume. Kisiwa cha Pemba hakikudhurika sana, na tangu hapo ndicho kilichoshika uongozi wa zao hilo. Mtu akiuliza kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, sehemu kubwa ya jawabu ni siku ile moja ya upepo. Haifai tusahau pia kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa, na kwamba bei ya karafuu ilipopanda, wao ndio waliobebeshwa kazi ya kupanda upya.

Sasa natuitazame tarehe yenyewe. Aprili ni mwezi wa masika, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijakaza. Mabaharia huuita wakati huu tanga mbili, au maleleji. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kilipiga karibu na Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kilichokwisha kupita Komoro, kiliingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na watu wa Mtwara na Lindi walikuwa wameonywa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Majira ya vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Maana yake ni kwamba hivi vinne vilikuja mwishoni kabisa, hata baada ya mwisho, wakati mtu aliyekuwa akihadhari amekwisha kupumua. Hapo ndipo tunapoona kosa la mitaa mingi: maandalizi hufanywa habari ikisikika, ilhali kalenda ya pepo ilikwisha kusema.

Mwaka 2024 onyo lilikuwapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza mapema, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Lakini siku ileile umeme wa gridi ya taifa nao ulikatika. Jambo hili Barghash hakulijua, nalo ndilo linalotutia hofu zaidi. Mtaa wa 1872 ulipopoteza paa haukupoteza maji, kwa sababu kisima kilikuwa na kamba na ndoo. Zanzibar ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu tu ya njia ya umeme utokao bara, bila kimbunga chochote. Pampu zilisimama, na watu wakarudia kubeba maji kichwani. Wenye visima vya zamani visivyofukiwa walikuwa matajiri wa mtaa.

Kwa hiyo mtaa ulio pwani hauna budi kuanza kujiandaa kabla ya Aprili: kisima kisafishwe, mapipa yajazwe, matawi ya miembe iliyoinamia nyumba yakatwe, mabati yafungwe. Bati moja lililolegea ni panga linaloruka. Ijulikane nyumba ipi ya mawe itapokea wazee na wagonjwa, na nani atawabeba. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala jiko la mkaa lisiachwe chumbani kulikofungwa, kwani moshi wake usioonekana huua watu waliokwisha kuokoka na upepo. Waya ulioanguka usiguswe hata kama taa zimezimika. Na hili tungelirudia mara tatu: katikati ya kimbunga mna utulivu. Upepo hukatika ghafula, watu hutoka nje kutazama hasara, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile. Anayehubiri subira wakati huo ndiye rafiki wa kweli.

Lilibaki swali la sauti. Tulipowauliza wanafunzi wetu mtaa utaarifiwaje, walijibu kwa pamoja: kwa simu, na kwa kipaza sauti cha msikiti au cha kanisa. Tukawauliza, na umeme ukikatika? Darasa likanyamaza. Ndipo tulipoandika ubaoni neno mbiu. Wote waliijua methali ya mbiu ya mgambo, hakuna aliyejua kuwa mbiu ni pembe ya nyati, ipulizwayo kwa pumzi ya mtu. Yule aliyeuliza swali la kwanza alitaka kujua pembe kama hiyo hupatikana wapi siku hizi. Hatukuwa na jawabu, ila tulimwambia kwamba ngoma au debe tupu na gongo vitafaa, mradi mtaa mzima uwe umekubaliana mapema maana ya mapigo.