Kikohozi sugu cha pumu

Kikohozi sugu cha pumu ni kikohozi kinachomwandama mwenye pumu kwa majuma mengi, aghalabu kikavu, kikizidi usiku wa manane hadi alfajiri. Kitabibu, kikohozi cha mtu mzima huitwa sugu kikipita majuma 8, na cha mtoto majuma 4. Kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo dalili pekee: kifua hakitoi mluzi wala hakibani, ni kukohoa tu. Madaktari wa Marekani waliieleza pumu ya namna hii katika miaka ya 1970, lakini hadi leo wagonjwa hupoteza muda mwingi kwa kudhani kwamba pumu isiyo na mlio si pumu.

Kuta za mirija ya hewa huvimba, hujaa ute mzito, na neva zake huwa nyepesi kushtuka. Mafua, vumbi la godoro, moshi wa kuni au mkaa, pilipili inayokaangwa, hewa ya baridi, hata kicheko kirefu, vyote huamsha kikohozi. Mgonjwa hukohoa mpaka akatapika, mbavu zikauma. Wanawake wengine huvuja mkojo, jambo wanaloona haya kulitaja, nalo halina aibu yoyote. Daktari anapaswa kuambiwa.

Dawa za maji za kikohozi haziugusi uvimbe wa mirija, wala antibiotiki haziugusi. Salbutamoli, ile inhela ya buluu, hulegeza misuli ya mirija kwa saa 4 hadi 6, kisha kikohozi hurudi. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia vizuri. Nafuu huja polepole, pengine baada ya majuma kadhaa. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unashauri kwamba watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wengi huiogopa steroidi bila sababu ya kutosha: ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu na hufanya kazi zaidi kwenye mapafu, tofauti na vidonge vya prednisoloni. Kusukutua mdomo kila baada ya kuvuta huzuia utando mweupe wa fangasi.

Dawa nzuri ikivutwa vibaya hubaki kooni. Kifaa cha kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo husaidia sana, na asiyeweza kukinunua anaweza kukitengeneza. Utafiti uliofanywa Cape Town na Heather Zar na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 huwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na kifaa cha dukani. Waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela hupashwa moto na kutoboa kitako cha chupa. Inhela huchomekwa hapo ikakaza, na ufa unaobaki huzibwa kwa gundi. Mtoto huweka shingo ya chupa mdomoni, inhela hutikiswa, hubonyezwa mara moja, naye hupumua taratibu mara 4 au 5 kabla ya kubonyeza tena. Chupa huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, ili dawa isigande kwenye plastiki.

Si kila kikohozi cha mwenye pumu hutokana na pumu. Anayekohoa majuma 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, hasa akiwa na homa, jasho la usiku au kukonda. Kiungulia na kamasi zinazoshukia kooni nazo hukohoza. Dawa za presha kama enalapril na captopril huleta kikohozi kikavu, na propranolol hubana mirija. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake, bali aombe kubadilishiwa.

Anayeshindwa kumaliza sentensi, ambaye mbavu zinaingia ndani au midomo imegeuka buluu, apelekwe hospitali mara moja. Mluzi ukitoweka huku bado anahangaika kupumua, hali imekuwa mbaya zaidi. Njiani akalishwe wima, apewe salbutamoli kupitia chupa, mibonyezo 4 hadi 10, mmoja mmoja, ikirudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza.