Mfuko wa mbolea una siasa, pakiti ya bakteria haina

Uzi kidogo wa historia, wadau. Kila msimu wa kampeni mjadala wa mbolea unarudi palepale: mfuko wa kilo 50 ni pesa ngapi? Septemba 2022 bei ya ruzuku ilishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, mwaka uliofuata ikawa 2,500. Upande mmoja unapiga makofi, mwingine unauliza foleni za NCPB ni za nini. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si kilimo, lakini kuna swali naona pande zote mbili zinaliruka.

Turudi nyuma. Mwaka 1888 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walichapisha ushahidi kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kupitia vijidudu wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Kabla karne haijaisha, Ujerumani walikuwa wanawauza kwa jina Nitragin. Yaani mbolea hai ilifika sokoni kabla ya kiwanda cha kwanza cha Haber na Bosch, cha 1913.

Ile ya kiwandani ikashinda, na si kwa hila. Inafaa mahindi, ngano, mpunga, chochote. Bakteria hawa wanaelewana na maharagwe, soya na njugu, si mahindi, na sisi ni watu wa ugali. Tena fosforasi bado utanunua.

Lakini angalia Brazil. Miaka ya 1960, soya ikianza kupanuka, mwanasayansi Johanna Döbereiner alisukuma mbegu zichaguliwe kwa jinsi zinavyoshirikiana na bakteria, badala ya kuzilisha nitrojeni ya kununua. Leo Brazil ni kati ya vigogo wa soya duniani, na sehemu kubwa ya soya hiyo haiwekwi mbolea ya nitrojeni. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, si bahati ya udongo.

Na sisi hatukukosa maarifa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kituo cha vijidudu pale Kabete tangu miaka ya 1970, na humo ndimo ilitoka Biofix: pakiti ndogo, unapaka mbegu, unapanda siku hiyohiyo. Baadaye utengenezaji ukaenda kwa kampuni binafsi.

Mbona haisikiki kwenye mikutano? Lori la mifuko linapigwa picha, pakiti ya mfukoni haina picha. Halafu hii ni bidhaa iliyo hai. Ikikaa juani dukani inakufa, kwa hivyo inahitaji mwenye agroveti anayejua kuitunza na afisa wa ugani wa kumwonyesha mkulima. Hapo ndipo siasa inaingia: ruzuku ya mifuko iko serikali kuu, ugani uko kaunti tangu 2013. Pakiti imebaki katikati, bila mwenyewe.

Kwa hivyo mgombea ugavana akija kwenu na ahadi ya mbolea, muulize wadi yenu ina maafisa wa ugani wangapi.