Kubonyeza sikio juu ya maumivu ya mgongo: ni njia gani, na inafika wapi?

Hapa Zongwe, mzee akisema mgongo unamuuma, jibu la haraka ni kidonge: diklofenaki ao ibuprofeni ya kununua kwa farmasi, bila kupimwa. Vidonge hivyo vinatulizaka kweli. Lakini kwa mtu mwenye miaka 65 ao 70, kuvimeza kila siku kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha tansio na kuharibu figo. Ndiyo maana watafiti wanajaribu njia zisizo za kumeza, na moja yao ni kubonyeza sikio.

Mtu aliyefunzwa anabandika mbegu ndogo za mviringo kwa sehemu fulani za sikio, anazishika na sparadra. Hakuna sindano. Kisha mgonjwa mwenyewe anazibonyeza kwa kidole mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara.

Ramani ya sikio inayojulikana sana ilitoka kwa daktari Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, katika miaka ya 1950. Aliona wagonjwa wenye alama ya kuchomwa kwa sikio. Mganga wa kienyeji alikuwa amewachoma pale juu ya maumivu yanayoshuka toka kiunoni mpaka mguuni, na wao walisema yamepungua. (Kwetu pia kuchanja chale mahali panapouma si jambo geni.) Nogier akachora sikio kama mtoto tumboni mwa mama, kichwa chini.

Sasa, uvimbe unaingiaje hapa? Mwili ukiumia, damu inabeba kemikali zinazoitwa sitokini, zinazoamsha uvimbe. Uvimbe wa siku chache unasaidia kuponya. Ukikaa miezi, unaongeza maumivu, na kwa wazee unakaaka zaidi. Huko Marekani, watafiti walibandika mbegu kwa wazee wenye mgongo wa muda mrefu, wakapima maumivu na damu pia. Maumivu yalipungua kwa wengi, na baadhi ya sitokini zilibadilika. Lakini vikundi vilikuwa vidogo. Kwa hiyo usiuze mbuzi juu ya mtu anayekuahidi kukuponya kwa sikio.

Mwezi wa 12, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu haya. Unataja mazoezi, mafundisho kwa mgonjwa, kukandwa, hata sindano za Kichina. Mikanda ya kiuno, ile inayouzwa sana, haishauriwi kama matibabu ya kawaida.

Kuna mgongo usiongoja mbegu wala kidonge: wenye homa, jasho la usiku, kukonda, miguu kulegea, ao mkojo kutoka bila kujua. Inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na ikicheleweshwa inapindisha mgongo ao kupoozesha miguu. Mzee wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya leo, si baada ya soko. Dawa za TB zinatolewa bure.