Lenzi na Mtoto Asiyetulia

Ufundi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, mtoto mdogo hakuwamo katika hesabu yake. Lenzi za siku zile zilipitisha mwanga haba, na mwenye kupigwa picha alipaswa kutulia kama gogo kwa dakika kadhaa. Nani atamweza hivyo mwana wa miaka miwili? Picha ilitoka, uso wake ukawa ukungu.

Mwaka 1840, huko Vienna, mwanahisabati Joseph Petzval alibuni lenzi mahsusi ya sura za watu, akisaidiwa hesabu na askari wa mizinga. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya ile ya Daguerre. Lakini wepesi huo una bei: panapoonekana wazi ni pembamba mno, jicho likikaa sawa, sikio limekwisha kufifia.

Julia Margaret Cameron, aliyeishi katika kisiwa cha Wight, alianza na lenzi ya Kifaransa ya Jamin, ya ukoo wa ile ya Petzval. Januari 1864 alimpiga picha binti mdogo, Annie Philpot, kisha akazunguka nyumba nzima akimtafutia zawadi, kwa kuona kuwa mtoto ndiye aliyeifanya picha. (Wapiga picha wangapi hukumbuka hilo?) Mwaka 1866 alichagua lenzi kubwa ya Dallmeyer, yenye kupitisha mwanga mchache zaidi. Watoto wakazidi kudaiwa utulivu, wakazidi kutikisika. Naye, wakosoaji wakimlaumu, aliendelea kuzionyesha picha hizo na ukungu wake.