Ni Nani Hupanga Masomo Yetu?

Kila asubuhi, msomaji wangu, kengele hulia nawe ukafungua daftari la somo lililopangwa siku hiyo. Je, umepata kujiuliza ni nani aliyeamua ujifunze jambo hilo wala si jingine? Mpango huo wa masomo, ambao twauita mtaala, haukushuka kutoka mbinguni. Ulitungwa na watu, na wako waliotutangulia walioupigania.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki. Ilishauri kwamba mtoto wa Kiafrika afundishwe mambo yapatanayo na maisha ya kwao: kilimo, afya na kazi za mikono. Ukiyasikia maneno hayo leo waweza kudhani ni mema matupu. Walakini wazazi wengi waliyatilia shaka. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi alitayarishwa kuongoza, na mtoto wao kuwa kibarua wake. Hawakulichukia jembe, maana walilima tangu kale. Walichokataa ni jembe kufanywa ukuta wa kuwazuia watoto wasiifikie kalamu.

Basi katika nchi ya Wakikuyu watu walijenga shule zao wenyewe, hasa baada ya kufarakana na wamisheni mwaka 1929 juu ya mila ya kuwatahiri wasichana. Walitaka pia Kiingereza kifundishwe mapema kuliko serikali ilivyopenda. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu huko Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, kwa michango ya wananchi. Kwa nini chuo cha walimu? Kwa sababu walifahamu kwamba shule isiyo na mwalimu ni nyumba tupu. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ilitoa taarifa yake mwaka 1964, ikataka elimu iliunganishe taifa. Kisha mwaka 1985 ukaanza mfumo wa 8-4-4, na jembe likarudi darasani pamoja na randa na sindano. Safari hii waliolileta walikuwa viongozi wetu wenyewe, na mtoto aliyeshika randa aliweza kuendelea hadi chuo kikuu. Hata hivyo shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa. Wazazi walichangishwa, na walimu wengine wakafundisha useremala kwa chaki na ubao tu. Baadaye masomo hayo yalipunguzwa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakuu huandika mtaala, lakini mwalimu ndiye augawaye kwa mihula na wiki katika maazimio yake ya kazi. Ndiye aonaye somo lililo zito mno, na mfano usioeleweka na mtoto asiyepata kuiona bahari. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, nao hauna budi kupimwa hivyo hivyo. Mwalimu akinyamaza, makosa hudumu.

Nawe msomaji, usiulize tu kama somo ni la jembe au la kalamu. Uliza lakufungulia mlango gani, na ni nani aliyeushika ufunguo. Wazee wa Githunguri waliuliza hivyo, wakajenga chuo.