Neno Msalaba katika Kiswahili cha Kikristo

Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo ya Wareno yenye msalaba wa jiwe ingali imesimama huko ufukweni. Wareno walikuwa na nguvu katika pwani kwa takriban karne mbili. Waliiachia lugha maneno meza, bendera, hata padri. Lakini jina la alama waliyoichonga hawakuliacha. Mkristo wa Kiswahili husema msalaba, neno lenye asili ya Kiarabu, kama yalivyo kanisa na Injili.

Asili hiyo ina uzito wake. Wamisionari wa karne ya 19, tangu Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 hadi Steere aliyetafsiri Agano Jipya huko Unguja, walihubiri katika miji ya Waislamu. Msomi wa Kurani alikuwa amekwisha kulikuta tendo la kusulubu: Firauni anawatishia kwalo wachawi waliomwamini Musa, na sura ya Nisaa (4:157) inakanusha kwamba Isa alisulubiwa. Kwa hiyo mhubiri aliyetamka neno hilo alikuwa ameingia mjadalani kabla hata ya kueleza fundisho lake.

Je, hiyo ilikuwa hasara? Hapana. Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba habari za aliyesulubiwa ni kikwazo kwa Wayahudi na upuuzi kwa Wayunani. Huko Ulaya kikwazo hicho kilikuwa kimefifia: adhabu ya kusulubisha ilikomeshwa katika dola ya Rumi karne ya 4, na msalaba ukawa pambo la taji za wafalme. Kiswahili kilirudisha ukali wake. Mzizi uleule wa Kiarabu una maana ya ugumu, na ndio uliotupatia kazi ya sulubu, ile ivunjayo mgongo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali palepale. Waumini wa mwanzo wa misheni hiyo aghalabu walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Warumi nao waliihesabu adhabu ya msalaba kuwa, zaidi ya yote, adhabu ya watumwa. Ndiyo maana Waraka kwa Wafilipi (2:7-8) unataja hali ya mtumwa na mauti ya msalaba kwa pamoja. Msikilizaji wa Mkunazini hakuhitaji kufafanuliwa neno la kwanza ili alielewe la pili.